Skrini Inaporekodiwa: Nani Anaonyeshwa, na Anaona Nini

Mwongozo wa maandishi huandikwa na mtu ambaye tayari anaijua njia. Ndiyo maana huandika "ingia kwenye akaunti yako, kisha jaza taarifa zako" na kusonga mbele, bila kukwambia kwamba ukishaingia ukurasa unaweza kukaa mweupe kwa nusu dakika, kwamba tarehe ya kuzaliwa haikubaliki mpaka ianze na mwaka, au kwamba kitufe cha kuendelea kiko chini kabisa na hukioni mpaka uteremshe ukurasa. Mwandishi hakukusudia kuficha. Mikono yake imeshazoea, na kilichozoewa na mikono hakimjii mtu kichwani anapoandika. Video ya skrini huyanasa hayo yote bila kuombwa: kusubiri, kukosea kisanduku, kurudi nyuma, mshale unaozungukazunguka ukitafuta pa kubofya. Hapo ndipo thamani yake ilipo, na hapo hapo ndipo hatari yake ilipo, kwa kuwa chombo kinachonasa kila kitu hunasa na yale ambayo hayakupaswa kuonekana.

Sehemu ngumu ya kazi hii imehama. Zamani ugumu ulikuwa kukipata chombo chenyewe. Leo chombo kimo ndani ya karibu kila simu na kompyuta, na ugumu uliobaki ni wa uamuzi: kionekane nini, kwa nani, kwenye kioo cha ukubwa gani, na kwa bando la nani. Katika uamuzi huo watengenezaji wetu wengi wa video za Kiswahili, pamoja na taasisi zinazopaswa kuwaongoza, bado wako nyuma, na wanaoumia ni watazamaji wenye uwezo mdogo kuliko wote.

Chombo chenyewe kilichukua muda mrefu kutufikia. Tarehe 9 Desemba 1968, mtafiti wa kompyuta Douglas Engelbart alisimama mbele ya wataalamu mjini San Francisco akawaonyesha kipanya, maandishi yanayohaririwa papo hapo kwenye skrini, na viungo vya kukutoa waraka mmoja hadi mwingine. Kompyuta yenyewe haikuwa ukumbini. Ilikuwa Menlo Park, kiasi cha kilomita 48 kutoka hapo, na picha yake ilisafirishwa hewani kwa mawimbi hadi kwenye projekta kubwa. Onyesho lilichukua dakika 90, likahitaji kikosi kizima cha mafundi na kamera za kurekodi. Kama lisingerekodiwa, leo tungekuwa tunasimuliwa tu. Kuanzia hapo hadi mtu wa kawaida aweze kurekodi skrini yake ilipita zaidi ya miaka 20. Lotus ScreenCam ilitoka mwanzoni mwa miaka ya 1990; Camtasia ya kampuni ya TechSmith ya Michigan ikafuata baadaye na kuwa chombo cha walimu na wakufunzi wa kompyuta. Mwaka 2012 Hugh Bailey alitoa OBS, programu huria ambayo mpaka leo ni ya bure na haigongi muhuri wowote juu ya video yako. Kisha watengenezaji wa simu na kompyuta wenyewe wakaingia: Android 5 ya mwaka 2014 ilizifungulia mlango programu za kurekodi kioo, iPhone ikapata kitufe chake mwaka 2017 kupitia iOS 11, na Android 11 ya mwaka 2020 ikakiweka kitufe hicho kwenye paneli ile ile unapowashia tochi na data. Kwa upande wa vifaa, mjadala uliishia hapo.

Kinachostahili kutazamwa kwa makini ni kile kinachotokea ndani ya faili, kwa sababu asiyekijua huwagharimu wenzake bila kujua. Skrini ya kawaida ya kompyuta ina nukta 1,920 kwa upana na 1,080 kwa kimo, yaani zaidi ya nukta milioni 2. Kila nukta ikiandikwa kwa baiti 3 za rangi, picha moja tu hufika megabaiti 6. Video ya picha 30 kwa sekunde ingekuwa megabaiti 186 kila sekunde, na dakika moja ingezidi gigabaiti 11. Hakuna bando la kulibeba hilo. Kinachotuokoa ni kodeki, yaani kanuni ya kubana video, hasa H.264 iliyopitishwa mwaka 2003, ambayo haihifadhi kila picha upya. Huhifadhi picha kamili mara moja moja, na katikati yake huandika mabadiliko tu: mshale umetoka hapa umekwenda pale, kisanduku hiki kimepata herufi moja. Skrini ina bahati ambayo kamera haina. Mbele ya kamera majani yanatikisika, mwanga unabadilika na ngozi ya mtu ina vivuli elfu. Skrini inaweza kukaa tuli sekunde 10 nzima bila nukta hata moja kubadilika. Kwa hiyo video ya skrini iliyorekodiwa kwa akili inaweza kuwa nyepesi sana. Picha 10 au 15 kwa sekunde zinatosha kabisa kuonyesha fomu inavyojazwa. Sauti nayo si mzigo: maelezo ya mdomo kwa kiwango cha kilobiti 64 kwa sekunde hayafiki nusu megabaiti kwa dakika.

Lakini kodeki hizo zilibuniwa zikilenga zaidi nyuso za watu na mandhari, na hilo lina gharama yake. Ili kupunguza uzito, video nyingi huhifadhi mwanga wa kila nukta lakini rangi hugawiwa nukta 4 kwa pamoja. Kwenye uso wa mtangazaji huwezi kugundua. Kwenye skrini utagundua mara moja, pale maandishi madogo mekundu juu ya utepe wa buluu yanapochafuka kingo na kuonekana kama yamelowa maji. Bahati mbaya ni kwamba maonyo ya mifumo yetu mara nyingi huandikwa kwa rangi nyekundu, na ndiyo mistari ambayo mtazamaji anahitaji kuisoma kuliko yote.

Tuifuate sasa video hiyo hadi kwa anayeitazama. Imerekodiwa kwenye laptop ambayo kioo chake kina upana wa sentimita 34 hivi, inatazamwa kwenye simu iliyoshikwa wima yenye upana wa sentimita 7. Kila kitu kimepungua karibu mara 5. Herufi iliyokuwa na kimo cha milimita 3 sasa haifiki hata milimita 1. Mtu anailaza simu, inasaidia kidogo. Na kama video ilimfikia kupitia WhatsApp, kama zinavyofika nyingi, imeshabanwa tena njiani: programu hiyo hupunguza ubora wa video ili isafiri haraka, na maandishi ndiyo ya kwanza kufa. Kuna tiba rahisi ambayo ni wachache wanaoitumia, nayo ni kuituma video kama dokumenti badala ya kuichagua kwenye picha na video. Ikienda hivyo inafika kama ilivyotoka. Tiba bora zaidi huanza kabla ya kurekodi: kukuza maandishi ya kivinjari hadi asilimia 150 au 200, kufunga vidirisha visivyohusika, na kurekodi kwenye simu yenyewe pale ambapo mtazamaji naye atatumia simu. Mwalimu anayefundisha kujaza fomu kwenye kompyuta ilhali wanafunzi wake wote wana simu anawafundisha ukurasa ambao hawatauona, kwa kuwa tovuti nyingi hujipanga upya kwenye kioo chembamba na kitufe kilichokuwa kulia sasa kimejificha ndani ya mistari mitatu ya menyu.

Ipo njia nyingine ya kurekodi ambayo naona haijapewa heshima yake. Mchezo wa Doom, uliotoka Desemba 1993, uliwawezesha wachezaji kuhifadhi mchezo wao na kupeana. Faili lile halikuwa na picha hata moja. Lilihifadhi maagizo ya mchezaji tu, mara 35 kwa sekunde, baiti 4 kila mara: amesogea, amegeuka, amefyatua. Dakika moja ya mchezo ilikuwa kama kilobaiti 8, na kompyuta ya mpokeaji iliucheza upya mchezo wote kwa kufuata maagizo hayo. Sharti lilikuwa moja: mpokeaji awe na mchezo ule ule, toleo lile lile. Wanaofanya kazi kwenye dirisha la amri la Linux wanajua ndugu yake wa leo, asciinema, ambayo hunasa maandishi na muda wake badala ya nukta, hata mtazamaji anaweza kusimamisha na kunakili amri moja kwa moja. Kuhifadhi picha kunamfaa yeyote, popote, lakini ni kuzito na huwezi kulihariri neno lililomo ndani yake. Kuhifadhi hatua ni kwepesi ajabu, lakini kunamtaka mpokeaji awe na mazingira yale yale. Kwa anayefundisha programu vijana wa chuo wenye bando la megabaiti 500, tofauti hiyo ndiyo inayoamua nani atamaliza somo.

Kwenye elimu mfano unaotajwa sana ni wa Salman Khan, na unastahili kutajwa kwa sababu ambayo husahaulika. Mwaka 2004 alianza kumfundisha hisabati binamu yake aliyekuwa mji mwingine, na mwaka 2006 akaanza kuweka masomo YouTube. Uso wake haukuonekana. Palikuwa na ubao mweusi kwenye skrini, mwandiko wa rangi, na sauti ya mtu anayefikiri kwa sauti. Alikuwa akiandika hesabu huku akieleza kwa nini anaiandika, na akijikwaa alijisahihisha mbele ya mwanafunzi. Walimu wetu wengi waliosukumwa kwenye video mwaka 2020 walifanya kinyume chake. Shule zilifungwa Tanzania na Kenya mwezi Machi mwaka huo kwa sababu ya korona. Uganda zikaja kufunguka kikamilifu Januari 2022. Katika pengo hilo mwalimu alichukua slaidi zilizojaa maandishi, akazirekodi, akazisoma neno kwa neno. Mwanafunzi aliyetumia bando lake kuitazama angepata yaleyale kwa picha 12 za slaidi na faili moja la sauti, kwa sehemu ndogo ya gharama. Video ya skrini inastahili uzito wake pale tu kitu kinapobadilika mbele ya macho: mlinganyo unaokokotolewa, jedwali la Excel linalojengwa, ramani inayochorwa. Kama hakuna kinachosogea, tuma karatasi.

Matumizi yaliyoota mizizi zaidi kwetu, lakini, hayako darasani. Dirisha la maombi ya mikopo ya elimu ya juu linapofunguliwa Tanzania, au Sekretarieti ya Ajira inapotangaza nafasi, maelfu ya vijana hukutana na mifumo ambayo hawajawahi kuiona, iliyoandikwa zaidi kwa Kiingereza. Wengine huenda stationery, Kenya wangesema cyber, wakamlipa mtu awajazie. Wengine hutafuta video ya "jinsi ya kuomba". Wanaozirekodi wengi ni wenye maduka hayo hayo na vijana wa vyuo, na kazi yao naiheshimu sana: wanaeleza kwa Kiswahili kile ambacho ukurasa unakisema kwa lugha ya ofisini, na wanajua mahali watu wanapokwama kwa sababu wamekaa nao mezani. Msikilize mmoja aliye hodari anavyosema: "Namba ya kidato cha nne andika hivi, S, namba ya shule, kistari, namba yako, kistari, mwaka. Ukiacha nafasi hapo katikati itakukatalia." Hiyo "ukiacha nafasi itakukatalia" huikuti kwenye mwongozo rasmi, na ina thamani ya nauli ya kwenda mjini na kurudi.

Sasa mtazame huyo huyo anaporekodi kwa taarifa za mteja halisi. Kwenye kioo kuna jina kamili, namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA), tarehe ya kuzaliwa, namba ya simu, shule aliyosoma, picha yake, na jina la mzazi pamoja na kazi yake. Katikati arifa inashuka kutoka juu: umepokea fedha kutoka kwa fulani, salio lako jipya ni kiasi fulani. Yote yanapanda mtandaoni kwa ajili ya kuwasaidia watu. Hakuna nia mbaya hapo, lakini mwenye taarifa hizo ameanikwa, na video ikishanakiliwa hairudi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 zinahusu mambo ya namna hii hasa. Kenya imeonyesha kwamba si maandishi matupu: mwaka 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza shule moja faini ya Ksh 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila ridhaa ya wazazi wao. Shule zinazorekodi vipindi vya mtandaoni, nyuso za wanafunzi zikiwa zimejipanga pembeni mwa skrini, ziikumbuke faini hiyo. Kinga yenyewe haigharimu shilingi: zima arifa, weka simu kwenye hali ya usisumbue, tumia jina la kubuni na namba za kubuni mpaka hatua ambayo mfumo unadai za kweli, na kutoka hapo eleza kwa picha zilizofunikwa. Kufunika nako kufanywe kwa kisanduku kizima cheusi. Ukungu mwepesi juu ya tarakimu wakati mwingine huweza kusomeka.

Programu nyingi za benki zimejilinda zenyewe. Ukirekodi kwenye Android, kioo kinatoka cheusi tupu, kwa sababu mtengenezaji amewasha alama inayokataza kunaswa. Watu hulalamika kwamba inawazuia kuwaonyesha wazazi wao jinsi ya kutuma fedha. Mimi naona alama hiyo imewekwa pale inapostahili, kwa kuwa matapeli wamegundua kwamba kushirikisha skrini ni rahisi kuliko kuiba neno la siri. WhatsApp iliweka uwezo huo kwenye simu za video Agosti 2023. Mtu anakupigia akijitambulisha kama wa huduma kwa wateja, anakuomba ushirikishe kioo "akusaidie", na namba ya uthibitisho inapoingia kwa ujumbe anaisoma pamoja nawe. Hahitaji kukuuliza chochote. Ukishirikisha kioo chako, kila kinachokipita ni chake pia, na huwezi kumnyang'anya alichokwisha kukiona.

Kuna na kurekodiwa ambako mwenye skrini hakukuanzisha. Vijana wa Nairobi, Dar es Salaam na Kampala wanaofanya kazi za mtandaoni wanalijua hili. Jukwaa la Upwork, kwa mfano, kwenye mikataba ya malipo ya saa hupiga picha ya skrini ya mfanyakazi mara 6 kwa saa, kama ushahidi kwa mteja kwamba kazi inafanyika. Mfanyakazi anaweza kuifuta picha, ila akiifuta anapoteza malipo ya dakika hizo. Naelewa hofu ya mteja aliye bara jingine. Hata hivyo, laptop hiyo hiyo ndiyo anayosomea barua za daktari na kuongea na mchumba wake, na asiyekuwa na mashine ya pili hana pa kujitenga. Mei 2024 Microsoft ilitangaza Recall, ambayo ingepiga picha za skrini kila baada ya sekunde chache na kuzihifadhi ili mtu aweze kutafuta alichowahi kukiona. Wataalamu wa usalama walipinga vikali, kampuni ikaiahirisha mwezi uliofuata, ikairudisha baadaye ikiwa ya hiari na yenye ulinzi zaidi. Mwaka 2025 programu ya ujumbe ya Signal ikaamua kujikinga na picha hizo kwenye Windows bila kumngojea mtumiaji aombe. Tulizoea kwamba kurekodi ni tendo lenye mwanzo na mwisho, lenye kitufe chekundu. Ikizoeleka kwamba skrini inarekodi muda wote, anayekutumia ujumbe wa siri hatajua tena kama anazungumza nawe peke yako.

Kwa anayetengeneza, jambo moja ningeliweka juu ya mengine yote: taja kitu kwa jina lake. "Bofya hapa, halafu hapa, halafu njoo hapa" ni maneno matupu kwa asiyeona, na pia kwa mama anayesikiliza huku akipika, na kwa yule ambaye video imefika kwake ikiwa na ukungu. Ukisema "bofya kitufe cha kijani kilichoandikwa Submit, kiko chini kabisa upande wa kulia," umewahudumia wote watatu. Wasioona wapo kwenye mifumo hii. Wanatumia visoma skrini kama NVDA, programu ya bure iliyoanzishwa mwaka 2006 na Mwaustralia asiyeona, na TalkBack kwenye simu zao, ambavyo husoma majina ya vitufe kwa sauti. Wanachohitaji ni jina hilo hilo tu. Kwa wasiosikia, weka maandishi chini ya video. Kama uliandika maelezo yako kabla ya kurekodi, sehemu kubwa ya kazi hiyo imeshafanyika.

Linabaki tatizo la umri wa video, na hili siwezi kuwatwisha vijana wa stationery. Mfumo wa serikali ukibadilishwa, video zote zilizoufundisha zinageuka kuwa mtego siku hiyo hiyo, lakini zinabaki juu kwenye matokeo ya utafutaji kwa sababu zimetazamwa mara nyingi. Mwombaji anaifuata ya miaka mitatu iliyopita, anatafuta kitufe kilichoondolewa, muda wa mwisho unafika. Taasisi inayotumia fedha za umma kujenga mfumo ina wajibu wa kurekodi matumizi yake kwa Kiswahili, kwenye kioo cha simu, kwa vipande vya dakika 2 au 3, kila hatua kipande chake, ili hatua moja ikibadilika kirekodiwe upya kipande kimoja. Tarehe na toleo la mfumo viandikwe kwenye picha ya kwanza na vitamkwe kwa sauti. Iwepo nakala nyepesi ya kupakua isiyozidi megabaiti chache, pamoja na maelezo ya maandishi. Na kwenye mkataba wa mkandarasi anayejenga mfumo, kazi hiyo iwe na mstari wake wa malipo, usioishia siku ya uzinduzi.

Hao wanaorekodi mezani kwao wana kazi ndogo zaidi, na wanaweza kuianza wiki hii: kupitia video zao za zamani, na kwa kila iliyopitwa na wakati kuandika kwenye kichwa chake kwamba haifai tena kwa kuwa mfumo umebadilika, kisha kuweka kiungo cha mpya.